Tuzo Iliyogeuka Nizo

Al Thumama, Doha
Jumapili, baada ya Magharibi

Mwanangu Mudi,

Salamu tulishapeana asubuhi, ulipoingia jikoni ukasema "Shikamoo Mama" kwa sauti ya karani wa benki anayemwita mteja dirisha namba nne. Nikaitika marahaba. Ukaniuliza kama nimeamka salama, ukaosha kikombe chako, ukakifuta, ukakirudisha kabatini. Siku kumi na moja sasa unaosha vikombe. Mtoto niliyempigia kelele za vikombe miaka kumi na tisa, leo ana adabu za mkwe. Adabu hiyo inanitisha kuliko ungenijibu vibaya.

Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi. Saa hii uko Lusail unaagana na wenzako, baba yako yuko zamu uwanja wa ndege, nami nimekaa kwenye meza ya chakula na kalamu, kwa sababu nikikuambia haya kwa mdomo nitajikatiza mwenyewe. Ya chandarua, chanjo na maji ya kuchemsha siyagusi. Baba yako ameshakuandikia kurasa tatu, na ukurasa wa pili wote ni soksi. Mimi nina jambo moja tu. Sitaki uondoke ukiamini mama yako ni mwizi. Nataka uondoke ukijua hasa aliiba nini, aliibaje, na leo amefanya nini.

Tuanze na ile fomu. Wewe ndiye uliyeitafsiri, unaijua kuliko mimi, lakini nivumilie nianzie mwanzo, maana mwanzo hukuwepo.

Mwaka jana niliomba kwa mara ya kwanza ile tuzo ya taifa ya madaktari bingwa wakongwe, wanayopewa wale ambao kazi yao imebadilisha maisha ya wagonjwa. Wenzangu wawili wa rika langu walikuwa wameshaipata, na mmoja ameitundika ukutani mahali ambapo huwezi kumwomba kalamu bila kuisoma. Nikajitazama: miaka yote hii ya kufungua miguu ya watu wa kisukari, kunusa, kuosha, kukwangua, kubembeleza, kugombana na watu wasitembee peku. Nikasema, kwani mimi nina nini? Na huo ndio ukweli, Mudi. Sikuomba kwa ajili ya sayansi. Niliona wivu.

Fomu ina sehemu inayosema: "Eleza mchango wako binafsi." Nikaijaza kwa sisi. Tulianzisha kliniki ya miguu. Tulipima. Tuliona. Tulifanikiwa. Hakukuwa na "mimi" hata moja katika kurasa sita.

Wa kulaumiwa ni bibi yako, Mungu amrehemu. Nyumbani Tanga ukisema, "Mimi nimefagia uwanja," atakuuliza, "Mimi ndiye nani? Sultani?" Kisha unafagia tena. Kwetu umimi ulikuwa mbaya kuliko uchafu. Nikatoka hapo nikaingia udaktari, nako ni sisi kwenda mbele. Tumelalaje leo? Tumekunywa dawa? Kuna mzee mmoja wa Pangani, nilipokuwa daktari mchanga, alinitazama juu mpaka chini akanijibu, "Mimi nimekunywa, daktari. Wewe sijui."

Basi barua ya kamati ikaja, ya heshima, yenye sentensi moja ya kuua: kamati imeshindwa kubaini mwombaji mwenyewe alifanya nini. Baba yako akaisoma mara mbili. "Mama Mudi," akasema, "wamedhani ulikuwa unapita njia."

Mwaka huu nikaapa kwamba watanijua. Nikafungua ile rasimu yangu ya Kiswahili ya mwaka jana. Unanicheka kwamba naandika kwanza kwa Kiswahili, lakini mimi kujisifu kwa Kiingereza siwezi. Najiona kama namtafutia kazi mtu mwingine. Na kwa kuwa nilikuwa na dakika kumi kati ya mgonjwa na mgonjwa, nikafanya ujanja. Nikaiamrisha kompyuta: kila penye "tu", weka "ni". Tulipima iwe nilipima. Tuliona iwe niliona. Ikamaliza kabla sijapepesa jicho. Nikajiona fundi, nikakutumia utafsiri, nikamwita mgonjwa.

Sikuwaza kwamba "tu" haikai mwanzoni mwa kitenzi peke yake. Inakaa kwenye viatu. Inakaa kwenye kitu, mtu, tumbo, kituo na matunda. Nilikutumia kurasa sita ambamo wani wanavua viani ili wapimwe kila mni kwa zamu yake, na mwishoni mama yako anaiomba kamati, kwa unyenyekevu mkubwa, impe nizo.

Ulijaribu kuniokoa, sikatai. Ujumbe wako ninao kwenye simu mpaka leo. "Mama, viani ni nini?" Mimi nina kidonda cha mtu mkononi, nikakujibu, "Kiswahili cha kawaida hicho. Wewe tafsiri." Ukauliza, "Na wani?" Nikakutumia kile kikatuni chenye uso mwekundu. Ukaniambia baadaye kwamba ulidhani ni Kitanga cha ndani, maneno ya bibi. Mtoto aliyekulia Doha, Kiswahili chake cha sebuleni, mama yake anamwambia hicho ni cha kawaida, angefanya nini? Viani ukabahatisha, ukapata viatu. Wani ukapata watu. Yaliyotuangamiza ni yale yaliyogeuka yakawa maneno halali kabisa.

Niliandika kwamba tulifundisha wauguzi watatu. Wakawa wauguzi watani. Ukatafsiri, kwa nia njema, kwamba mama yako amefundisha wauguzi wenye utani. Niliandika kwamba tulimtibu mtu vidonda vitatu vya mguu mmoja. Vikawa vidonda vitani, na mimi ambaye naogopa fataki nikawa daktari wa vita. Niliandika kwamba kliniki ya miguu ni kila Jumatatu. Ikawa Jumatani. Ukaona, aa, hapa Mama kateleza kidole, ukamsahihishia: Jumatano.

Kiingereza chako nilisoma ukurasa wa kwanza peke yake, nikaona "I" nyingi, nikaridhika, nikatuma. Ile rasimu ya Kiswahili aliikuta baba yako wiki moja baadaye. Alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Mudi, unaomba nizo!" Kisha akafika penye sentensi yangu ya mwisho, ile niliyoipenda, kwamba kazi hii ni ya utu. Ikasomeka kazi hii ni ya uni. Akaacha kucheka. "Unaona," akasema, "ukiitoa hiyo 'tu', hata utu haubaki. Wala watu." Nikamwambia ana zamu ya alfajiri, akalale; kamati ilisoma Kiingereza chako, nami nilidhani hicho ni salama.

Lakini kulikuwa na sentensi moja ambayo kompyuta haikukosea. Mwaka jana iliandikwa: "Tulibuni utaratibu wa kiti chekundu." Mwaka huu ikawa: "Nilibuni utaratibu wa kiti chekundu." Kiswahili safi, herufi kwa herufi. Ndiyo iliyotufikisha hapa. Kwenye "tu" ya mwaka jana Wafula, mlinzi wetu, alikuwamo. Kwenye "ni" ya mwaka huu nilimtoa nje, na hata sikusikia mlango ukifungwa.

Wewe na Wafula mmekunywa chai ya karak pamoja likizo ngapi, pale getini? Najua alikusimulia habari ya kiti. Sijui kama alikusimulia jinsi nilivyomfokea.

Ilikuwa mwaka wake wa kwanza kwetu. Mlinzi mpya, Mkenya kutoka Bungoma, ameletwa na kampuni yake na sare inayombana mabegani. Siku moja natoka kumwita mgonjwa, naona kuna kiti cha plastiki chekundu kando ya mlango, cha mgahawa wa karak wa jirani, na mtu amekalishwa pale mbele ya foleni nzima. Nikauliza nani kapanga. Akasema yeye. Nikamwambia mbele ya watu wote kwamba kazi yake ni geti, foleni ni yangu, na kama anataka udaktari aende shule.

Hakukasirika. "Daktari, usinigombeze bure," akasema. "Huyu jamaa ako na shida kwa mguu. Nimemwona tangu huko kwa stop ya basi, anarusha huo mguu ni kama si wake. Mwambie atoe kiatu uone."

Nikamvua kiatu ili nimwaibishe Wafula. Chini ya wayo kulikuwa na kile kipini cha kufungulia laini ya simu, kimezama chote, siku ya tatu. Mwenye mguu alikuwa anatupungia mkono, hana habari. Kisukari kilishamla hisia zote za miguu. Alikuja kwa ajili ya mafua.

Tangu siku ile kiti kikabaki. Wafula anasimama getini, anawatazama watu wanavyokuja kutoka kituo cha basi, na ambaye mwendo wake haumpendezi anamwambia, "Boss, kaa kwa hii nyekundu." Wauguzi wakimwona mtu kwenye kiti chekundu, wanamvua viatu kabla hajasalimia. Kwa kiti hicho tumeokoa miguu ambayo mimi peke yangu, na vyeti vyangu vyote, ningeikuta imeshaoza. Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenye vyeti, naona, huambiwa.

Sasa njoo kwenye ile Jumatano. Kamati ilikuwa imeandika kwamba watakuja kuniona kazini siku ya kliniki, bila kutaja tarehe. Jumatatu mbili mfululizo nilivaa viatu vipya vilivyonifanya mimi mwenyewe nistahili kiti chekundu. Nilifukiza udi mpaka mgonjwa mmoja wa pumu akaomba atoke. Hawakuja. Jumatano ni siku yangu ya mapumziko, nawe unajua nilikuwaje: dera, nywele zimefunguka, liwa ya manjano usoni imekauka hata kucheka siwezi. Simu ikalia.

"Daktari," Wafula ananong'ona, "kuna wageni hapa wako na fomu yako. Wanauliza kliniki ya miguu. Nimewaambia uko njiani."

Uliniendesha wewe. Nilinawa kwa maji ya chupa dirishani, na ulipokuwa bado una utani na mimi uliniambia, "Mama, wallahi unanuka kama harusi." Hayo yalikuwa maneno yako ya mwisho ya kawaida kwangu.

Tulipofika, Wafula alikuwa ameshawatembeza kliniki nzima. Yule daktari wa kamati, mama wa Kikatari mtu mzima mwenye miwani midogo, alikuwa amekaa kwenye kiti chekundu chenyewe, amevua kiatu, Wafula anamwonyesha kwa Kiingereza chake namna mguu mgonjwa unavyotua. Msaidizi wake alikuwa na daftari. Alikuwa ameshamuuliza Sista Grace, muuguzi ambaye sijamwona akitabasamu tangu aajiriwe, kama yeye ni mmoja wa wale wenye utani. Sista Grace alimjibu hapana.

Nikasalimia, nikajieleza, nikakaa. Yule mama akafungua karatasi zangu. "Tumesoma kwamba umetibu vidonda vitani," akasema. "Vita gani, daktari?"

Sikujua anasema nini. Nikadhani ni falsafa. Nikajibu, "Daktari, kisukari chenyewe ni vita." Msaidizi akaandika, akapigia mstari.

Kisha akainuka, akamgeukia Wafula, akasema amekagua hospitali nyingi na hajaona mlinzi wa namna hii. Nani amemfundisha?

Wewe ulikuwa mlangoni umeshika funguo za gari. Mimi nilikuwa kati yako na yeye. Wafula alinitazama, akatazama viatu vyake, akasema, "Daktari ndiye alinifunza, madam."

Ningeweza kunyamaza. Hilo pekee lingekuwa kosa la kawaida, la mtu aliyeshtukizwa. Lakini mama yako alifungua mdomo wake akasema, "Alhamdulillahi, ni mwepesi kujifunza." Na nikampigapiga begani, Mudi. Mtu wa miaka arobaini na tano.

Tulipoingia garini nilikungoja useme. Nilikuwa na majibu saba tayari. Ulisema, "Mama, funga mkanda." Tukaenda mpaka nyumbani, ukaingia jikoni, ukaosha kikombe.

Sitakuambia kwamba nilijuta hapo hapo. Siku mbili za kwanza nilikuwa na hasira na wewe. Nilimwambia baba yako, huyu mtoto kaniaibisha kwa uso wake. Baba yako akasema, "Nyani haoni kundule," akageuza ukurasa wa gazeti. Siku ya tatu nilijiambia kwamba kila daktari mkubwa amesimama juu ya mabega ya watu wadogo. Siku ya nne niliona kwamba ndiyo kusema nimesimama juu ya Wafula, na ana maumivu ya mgongo. Siku ya sita ikaja simu kwamba nimeingia kwenye orodha ya mwisho. Nikaja chumbani kwako kukuambia, ukasema, "Hongera, Mama," ukaniletea kiti nikae. Ulinikaribisha kama mgeni nyumbani kwangu mwenyewe. Usiku ule ndipo nilipolala vibaya.

Leo, siku ya kwanza ya wiki ya kazi, saa nne asubuhi nikampigia yule daktari wa kamati. Nikamwambia nina sahihisho kwenye fomu.

"Kama ni vita," akasema, "tulishaelewa."

Nikamwambia si vita. Kiti chekundu si changu. Ni cha mlinzi. Sikumfundisha, yeye ndiye aliyenifundisha, na siku ya kwanza nilimfokea. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile. Nimetafuta jibu la swali hilo siku kumi na moja, la kitabibu, la kidini, hata la kisheria. Nikamwambia, "Nilikuwa naitaka tuzo."

Akashukuru. Akasema fomu ni ya madaktari, haina mahali pa kumwandika mlinzi, na sehemu ile ikiondolewa kitakachobaki ni vyeti vyangu na umri wangu. Nikamwambia aiondoe. Akaniambia, kwa upole sana, kwamba basi nisikae nikingoja simu. Nikajifungia chooni nikalia, maana niliitaka kweli. Nilikuwa nimeshachagua ukuta. Usije ukamwamini mtu anayekuambia kwamba ukitenda haki moyo hucheza ngoma. Wangu ulikuwa unauma na bado unauma.

Nikanawa uso nikaenda getini. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, na nikasema hadharani kwa kuwa nilimfokea hadharani. Nilisema, "Wafula, nimekuja kukuomba radhi. Nilichukua jambo lako nikaliita langu. Nimewaambia kamati ukweli, na mimi tuzo siipati."

Nilitegemea atanishukuru, nakuambia kweli. Alikasirika mpaka kofia ikasogea.

"Daktari! Sasa umefanya nini? Mimi nilishaambia watu wa nyumbani daktari wangu anapewa tuzo. Mama watoto ametangaza mpaka kanisani!"

"Lakini ulidanganya, Wafula."

"Hiyo si kudanganya, hiyo ni kukutetea. Uliingia hapa na kitu ya manjano kwa masikio, unatetemeka. Nilikuonea huruma."

Mabenchi yote yakacheka, nami nikacheka kwa sababu sikuwa na pa kuupeleka uso. Na ndipo, sijui kwa nini, labda kwa kuwa sikuwa tena na cha kupoteza, nikamuuliza: "Hivi haya ya miguu uliyajulia wapi?"

Mudi, miaka sita. Nilikuwa nina hakika kwamba aliokota kwangu. Kwamba alikuwa ananisikia nikipita mlangoni naongea na wauguzi, likamwingia hili na lile. Ndiyo maana yale maneno ya "mwepesi kujifunza" yalinitoka laini vile; nilikuwa nayaamini tangu zamani.

Akavua kofia, akaishika. Akaniambia mama yake alikuwa akiuza nyanya, anatembea kwenda sokoni na kurudi. Mwaka mmoja mwendo wake ukabadilika. Mguu ukawa unapigapiga chini, pwaa, pwaa, kama ndara iliyolowa. Watoto wakaona ni uzee umeingia, wakaona ni kichekesho. Jioni wakimaliza kula, mmoja anainuka anamwigiza, mama mwenyewe anacheka mpaka machozi.

"Mimi ndio nilikuwa najua kumwigiza kabisa," Wafula akasema. "Kuliko wote. Nilikuwa nafanya mpaka majirani wanakuja kuona. Tukafika hospitali wakati mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi. Walikata, lakini hakumaliza mwezi." Akairudisha kofia kichwani. "Kwa hiyo hiyo mwendo naijua, Daktari. Nikiiona huko kwa stop, ni kama naona mama."

Halafu mtu akaingia getini, Wafula akamtazama miguu, akamwacha apite.

Nilirudi ofisini nikakaa. Niliwaza kwamba kumnyima jina kwenye fomu lilikuwa jambo dogo, mtu analisahihisha kwa simu moja. Kubwa ni kwamba nilikaa na mtu miaka sita, nikampa kiti chake jina zuri, nikala kwa jicho lake, na sikuwahi kumuuliza neno moja. Nilikuwa na jibu tayari, nalo lilikuwa mimi.

Na nikiwa nimekaa hivyo, ukanijia wewe. Sebuleni, mwaka jana, umesimama mbele ya televisheni, mikono nyuma. "Mama, Baba, nataka kusomea uuguzi." Nilikujibu kwa muda wa chakula kizima. Nilisema una alama za udaktari. Nilisema watu wa Tanga watasemaje. Nilisema unaogopa hesabu, unafuata marafiki, utanikumbuka. Baba yako alijaribu kuingia mara mbili, nikampa sahani ya matunda. Wewe ulisimama pale mpaka nikamaliza, ukasema, "Sawa, Mama," ukaenda ukajaza fomu yako mwenyewe. Kwa mwaka mzima nimewaambia watu sababu zako. Nimewaeleza wafanyakazi wenzangu, mashangazi zako kwa simu, hata dereva wa teksi. Nazijua zote. Nilizitunga mwenyewe.

Mwanangu, naomba radhi. Kwa lile la Jumatano, na kwa hili ambalo ni la zamani zaidi. Nakupenda, na ninaogopa kesho kuliko ninavyoonyesha.

Nitaiacha barua hii juu ya mto wako. Ukimaliza kuisoma, njoo sebuleni hata kama ni saa ngapi. Sitaleta matunda, wala sitakatiza. Nataka nikuulize, na sijui utajibu nini: kwa nini uuguzi, Mudi? Ulimwona nani?

Mama